Wametangaza ugonjwa mpya: namna ya kusoma namba za wiki za kwanza

Mwezi wa 12, 2024, niko ku soko Virunga hapa Goma nachagua sambaza (samaki wadogo wa ziwa), simu inalia mara 3, 4, 5, ni grupu ya familia. Audio ya dakika 2, sauti ya mwanaume simujui hata kidogo, anasema ugonjwa usio na jina umeingia Panzi, watoto wanakufa, waganga (madaktari) hawajui ni nini. Sasa sisi tuko na ndugu Bukavu, na mutu wa Kivu ukimutajia Panzi anafikiria mara moja ile hopitali ya Panzi pale Ibanda, kwa hiyo yaya yangu (ndugu yangu mukubwa) alikuwa tayari anapigia watoto wake simu wasitoke nyumbani, shemeji anauliza kama barabara ya Bukavu itafungwa, mama anaomba. Kumbe ile Panzi ni zoni ya sante (wilaya ya afya) mu provensi ya Kwango, magharibi kule, upande ingine ya inchi kabisa. Tulitetemeka nusu siku juu ya jina tu.

Tangu siku ile watu wa familia wananiuliza mimi kwanza, juu wanajua 2019 nilikuwa RECO mu kartiye (mutaa) yetu ya Majengo, ile kazi ya kutembea nyumba kwa nyumba kuelezea watu Ebola, unatukanwa, unarudi kesho yake, unatukanwa tena. Siko munganga. Lakini kila asubui tulikuwa tunapewa karatasi ya namba za riposti (kazi ya kupigana na Ebola) na tulipaswa kuzielezea kwa mama anayeuza makaa na kijana wa chukudu (baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo), na ukikosea wanakukamata hapo hapo. Njo pale nilijifunza kusoma hizi vitu, na nataka nikuandikie namna ninavyofanya, ili siku ingine audio ikiingia usianze kukimbia ovyo.

Chukua kaye (daftari), hata ya mutoto. Ukurasa moja kwa ugonjwa moja. Utaona juu ya nini.

Kitu ya kwanza unaandika ni fasi na tarehe. Siyo "Panzi", andika provensi, zoni ya sante, na kama unaweza eneo ya afya. Siyo "juzi", andika tarehe watu walianza kuugua na tarehe habari ilitoka, ni vitu 2 tofauti na katikati yao kunaweza kupita wiki nyingi. Kwa ile ya Kwango, OMS (Shirika la Afya Duniani) waliandika kesi 406 na vifo 31 kuanzia tarehe 24 mwezi wa 10 mpaka tarehe 5 mwezi wa 12. Sisi Goma tuliisikia kama kitu kimeanza usiku uliopita, na ilikuwa inatembea tangu wiki 6. Audio isiyokuwa na tarehe wala zoni ya sante mimi siijibu, naandika tu mu grupu "wapi na lini?", na mara nyingi inaishia hapo, mwenye kuituma ananyamaza.

Sasa tuingie mu namba zenyewe, na hapa ningependa ukae kidogo juu hapa njo watu wengi wanaanguka.

Unajua wavuvi wa sambaza ku ziwa wanatoka usiku na taa. Samaki wanafuata mwanga, wavu unapanda, asubui mama anahesabu ndoo. Ukihesabu zile ndoo umehesabu samaki waliokuja ku taa, wale walibaki ku giza haujui ni wangapi. Ugonjwa mpya siku za kwanza ni hivyo hivyo. Namba ya kwanza inakuambia kwanza kabisa taa iliwekwa wapi. Kama taa iko ku hopitali, utaona wale walioweza kufika hopitali, maana yake wale wenye kuugua sana na wenye makuta (feza) ya pikipiki. Yule aliyekohoa siku 3 akakunywa chai ya tangawizi akapona, hayuko mu ile karatasi.

Kwa hiyo chini ya kila namba andika: nani alihesabu, wapi, na kwa kigezo gani. Utakuta maneno 3 yanarudi, suspekti, probabli, konfirme. Suspekti ni mutu mwenye dalili zinazofanana, basi, hakuna alichopimwa. Konfirme ni laboratwari imesema ndiyo. Probabli ni katikati, mara nyingi ni mutu alikufa akazikwa bila kupimwa lakini alikuwa amegusana na mugonjwa aliyehakikishwa. Radiyo ikisema "kesi 400" bila kusema ni za aina gani, haujaambiwa kitu. Zile 406 za Kwango zilikuwa za dalili: homa, kichwa kuuma, kukohoa, mafua, mwili kuuma. Niambie mu Kongo hii nani hajawahi kuwa nazo zote 5 mu musimu wa mvua. Kigezo kikiwa kipana hivyo kinavuta malaria, kinavuta gripi, kinavuta kila kitu, na wanafanya hivyo makusudi juu mwanzoni ni afadhali kushika wengi kuliko kuachilia moja. Baadaye sampuli 12 za kwanza zilipimwa na 10 zikakuwa na malaria. Mwishoni walieleza kwamba ilikuwa malaria pamoja na virusi vya kawaida vya kifua, vikaangukia watoto waliokuwa tayari na utapiamlo. Hakukuwa virusi mpya. Watoto wale walikufa kweli lakini, na hiyo mu grupu yetu ilisahaulika haraka sana, watu walisema "aa, kumbe ni malaria tu". Tu!

Halafu kuna ile namba ambayo kila mutu anapenda, asilimia ya wanaokufa.

Nikupe hesabu ya ku mukono. Siku ya 10 ya ugonjwa, hopitali ina wagonjwa 10, 4 wamekufa. Mutu wa mitandao anaandika asilimia 40. Wiki 3 baadaye watu wanazunguka kartiye wanakuta wengine 90 waliugua kidogo wakapona nyumbani. Vifo ni vile vile 4, lakini sasa ni 4 kwa 100. Ugonjwa haukubadilika hata kidogo, taa njo ilisogea. Sasa geuza. Siku ya 10 kuna kesi 100 na vifo 4, unasema asilimia 4, lakini wengine 50 bado wako ku kitanda na haujui watatoka namna gani. Ukigawanya vifo kwa kesi zote wakati wengi bado wanalala hopitali, unapata namba ndogo kuliko kweli. Hiyo ilitokea na SARS ya 2003, mwanzoni walisema karibu asilimia 3 ao 4, mwezi wa 5 OMS wakapandisha mpaka karibu 15, na ilipokwisha hesabu ikakuwa watu 8096 na vifo 774, kama 9 na nusu hivi. Kwa hiyo namba ya mwanzo inaweza kudanganya kwa juu na kwa chini, usimuamini mutu anayekuambia "namba za mwanzo kila mara zinaongezwa chumvi". Hapana. Uliza tu maswali 2: wale wepesi mumewahesabu? wale wako ku kitanda mumewangojea?

Na hata ikishakwisha kabisa, ile asilimia siyo alama ya virusi peke yake. Angalia Ebola yetu wenyewe. Yambuku 1976, watu 318, vifo 280, asilimia 88, na dunia nzima ikaandika kwamba Ebola inaua 9 kwa 10. Lakini pale Yambuku sindano chache zilikuwa zinarudiwa kwa watu wengi, na wale waliopata ugonjwa kwa sindano hakuna hata moja aliyepona. Kuja kwetu, 2018 mpaka 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, kesi 3470, vifo 2287, kama 66 kwa 100. Na mu ile majaribio ya dawa yaliyofanyiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wale waliofika mapema virusi bado kidogo mu damu wakapewa moja ya zile dawa 2 nzuri, walikufa kama 1 kwa 10. Ni virusi vya aina ile ile Zaire: 88, 66, 10. Mu kaye yangu ya 2019 hizi namba 3 nimezipiga mustari chini, na kila mutu akiniuliza "hii mpya inaua asilimia ngapi" namuuliza "nani, wapi, alifika hopitali siku ya ngapi". Wanakasirika, wanasema najifanya mwalimu. Sawa.

Kisha unauliza kipimo. Hapa watu wanafikiri laboratwari ni kama hakimu, imesema negatifu basi kesi imekwisha. Ebola kwa mfano, ukipimwa siku za kwanza za homa PCR (kipimo cha laboratwari kinachotafuta virusi) inaweza kusema hapana wakati virusi viko, njo maana walikuwa wanashika watu na kurudilia kipimo baada ya saa 72, na njo maana vilevile familia nyingi zilikasirika, "mulisema hana, mbona mumemufunga?" Nilieleza hiyo kitu labda mara 200. Mara ya 200 nilikuwa bado sijapata namna nzuri ya kuieleza, mpaka mama moja wa Birere akasema mwenyewe, "ni kama mimba, ya siku 2 nani ataiona?" Tangu pale niliiba maneno yake.

Lakini mfano mukubwa kuliko wote ni Kamituga. Ile mji ya dhahabu kule Kivu ya Kusini, mwisho wa mwezi wa 9 mwaka 2023, watu wanaanza kuonekana na vidonda vya mpox (ndui ya nyani). Sasa mpox kwetu siyo mugeni, mutu wa kwanza duniani kujulikana nayo alikuwa mutoto wa miezi 9 kule Basankusu mu Équateur, 1970. Kila mutu alikuwa na picha mu kichwa: ni ugonjwa wa kijijini mu pori, wa watoto, wa kugusa nyama ya pori. Kamituga ikaleta watu wakubwa, wengi wanawake wanaofanya ngono kwa makuta ku mabaa na wateja wao, na vidonda vingi viko ku sehemu za siri. Picha ya zamani haikufanana. Waliposoma jeni za hivi virusi wakaona vitu 2. Cha kwanza, kuna kipande cha jeni kilikuwa kimetoka, na bahati mbaya kile kipande njo kile kipimo kimoja kilikuwa kinatafuta ili kutambua tawi la I (moja ya matawi ya virusi vya mpox), kwa hiyo kipimo cha mpox kwa jumla kilikuwa kinaona, lakini kile cha tawi kilikuwa kinanyamaza. Fikiria, unatafuta mutu mu Goma nzima kwa kofia yake nyekundu, na yeye alivua kofia. Cha pili, kulikuwa alama nyingi za aina moja ambazo mwili wa binadamu unaziacha juu ya virusi vinapopita ndani yake. Alama zikiwa nyingi hivyo maana yake vimekuwa vikipita mutu kwa mutu kwa muda. Tawi jipya wakaliita Ib. Mwezi wa 7 na wa 8 mwaka 2024 likafika Burundi, Rwanda, Uganda, Kenya, tarehe 14 mwezi wa 8 OMS wakapiga kengele ya dunia, na tarehe 5 mwezi wa 10 chanjo zikaanzia hapa kwetu Goma.

Nimekaa juu ya Kamituga juu inaonyesha vizuri swali la kuuliza kuhusu kipimo: kinatafuta nini hasa, na kama hicho kitu kimebadilika tutajuaje? Siyo lazima ujue biolojia. Uliza tu "walipima na nini, wapi, na sampuli ilisafiri siku ngapi". Kule Panzi ya Kwango ni siku 2 za barabara kutoka Kinshasa, ilikuwa musimu wa mvua, na hakukuwa laboratwari pale. Sampuli ikikaa ku joto mu kisanduku juu ya pikipiki, jibu litakalotoka linaongea zaidi juu ya ile safari. Sisi Goma tuko na bahati kidogo, laboratwari ya INRB (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa) ilifunguliwa hapa, kabla ya hapo vitu vingi vilikuwa vinapanda ndege kwenda Kinshasa.

Kwa kuwa tumeshataja jeni, tukamalize. Kusoma jeni kunajibu swali moja ambalo maneno ya watu hayawezi: hii imetoka wapi? 2018 mwezi wa 7 tarehe 24 Ebola ya Équateur ilitangazwa imekwisha, tarehe 1 mwezi wa 8 wakatangaza ingine Mangina karibu na Beni. Wiki moja! Hapa kila mutu alijua jibu: wameileta, ni biashara, Ebola business. Jeni zikasema hapana, ni 2 tofauti, hii haikutoka kule. Halafu mwezi wa 2 mwaka 2021 Butembo ikarudi, na mara hii jeni zikasema kinyume, hii ni mutoto wa ile ya 2018, ilikuwa imejificha mu mwili wa mutu aliyepona. Kwa hiyo unapoona "jeni zimesomwa" mu habari, ongeza ku kaye: zinafanana na za wapi. Ni kama kusikia lafuzi ya mutu ku simu, kabla hajakuambia jina unajua huyu ni wa Butembo ao wa Bukavu.

Kuambukiza: hapa nitapita haraka. Andika siku ambazo ugonjwa unajificha kabla ya dalili. Ebola 2 mpaka 21, mpox vilevile inaweza kufika 21, Covid walianza na 14. Hiyo namba ya juu njo inakuambia utangoje muda gani kabla ya kupumua. Tarehe 14 mwezi wa 7 mwaka 2019 pastere moja alishuka ku basi hapa Goma ametoka Butembo, Ebola, na siku ile ungesema mji mzima utakufa, shemeji yangu alikuwa tayari amefunga mizigo. Walitafuta wale wa basi na wote waliomugusa, wakawachanja, wakawafuata siku 21. Mwisho wa hesabu Goma ilipata kesi 4, na zile 3 zingine hazikutoka kwa pastere, ni familia moja ya mutafuta dhahabu aliyetoka Ituri. Kwa hiyo mu kaye niliweka tarehe 14, nikahesabu mpaka tarehe 4 mwezi wa 8, nikachora kiduara. Kila siku watu wakiniuliza "bado?" naonyesha kiduara. Mutu akikuambia siku ya 5 kwamba "hakuna aliyeambukizwa", mwambie siku ya 5 hakuna anayeweza kujua. Na uliza pia kama mutu anaambukiza kabla hajaanza kuugua, juu Ebola hapana, Covid ndiyo, na ile tofauti moja njo imefanya thermoflash (vipima-homa vya ku paji la uso) za ku Petite Barrière, mupaka wetu na Rwanda, ziwe na maana 2019 na zikuwe karibu bule 2020.

Na dawa. Eh, dawa.

Mwezi wa 3 mwaka 2020 shemeji yule yule (namupenda lakini) alinunua klorokini za kutosha kartiye nzima, juu alisikia profesa wa Ufaransa ameponyesha watu na hidroksiklorokini, dawa ya jamii moja nayo. Ile uchunguzi ilikuwa na wagonjwa 42 hivi. Kati ya 26 waliopewa dawa, 6 waliondolewa mu hesabu, na ukisoma vizuri 3 kati yao walikuwa wameenda reanimasyo (chumba cha mahututi) na 1 amekufa. Yaani waliozidiwa na dawa wameshaanza walitolewa ku orodha, halafu waliobaki wakaonekana wamepona vizuri. Mwezi wa 6 mwaka ule Waingereza wakamaliza jaribio lao, watu 1561 walipewa, 3155 hawakupewa, hakuna faida. Ile karatasi ya Ufaransa gazeti lenyewe liliifuta mwezi wa 12, 2024, karibu miaka 5. Miaka 5, na mu kartiye bado kuna watu wanasema dawa ilifichwa.

Linganisha na ile yetu. Beni, Butembo, Katwa, Mangina, watu wanachoma vituo vya matibabu, risasi zinalia, na katikati ya hiyo profesa Muyembe, mutaalamu wetu wa Ebola, na timu wakafanya jaribio la kweli: dawa 4, wagonjwa 681, kila mutu anapewa yake kwa kura, hakuna munganga anayechagulia ndugu yake. Mwezi wa 8 mwaka 2019 wakaangalia: dawa 2 vifo kama 33 na 35 kwa 100, zingine 2 kama 50 na 53. Moja ya zile za 50 ni ZMapp, ambayo tangu 2014 watu walikuwa wanaiita ya ajabu juu ya wagonjwa wachache waliopona nayo. Na moja ya zile nzuri ilitengenezwa kutokana na damu ya mutu aliyepona Ebola Kikwit 1995. Hiyo ya mwisho haisaidii kusoma namba, naiandika juu inanifurahisha.

Kwa hiyo swali la dawa ni fupi: walilinganisha na nani, walipewa kwa kura ao kwa kuchagua, na kuna waliotolewa mu hesabu? Kama jibu ni "munganga moja aliwapa watu 30 wote wakapona", na ugonjwa wenyewe watu 97 kwa 100 wanapona bila kitu, basi hata maji ya Kivu yangewaponyesha. Na kwa chanjo uliza ni ya aina gani hasa: ile ya Ebola tuliyopata hapa ni ya aina Zaire, 2022 Uganda ilipopata aina ya Sudani haikuwasaidia, ingawa radiyo zote zilisema "Ebola" tu.

Kuna pia zile karatasi wanaita priprinti, utafiti unatupwa ku intaneti kabla wengine hawajaukagua. Siyo mbaya, zinasaidia sana siku za haraka, jeni za Covid zilitupwa ku intaneti tarehe 11 mwezi wa 1 mwaka 2020 na juu ya hiyo vipimo vilipatikana haraka. Lakini mwisho wa mwezi ule ule kuna ingine ilitoka ikisema Covid ina vipande vya VIH (virusi vya UKIMWI) ndani. Wataalamu wakairukia, ikaondolewa na wenyewe mu siku chache. Audio yake ilinifikia mimi mwezi wa 4. Karatasi imekufa, audio inatembea. Ukiona neno priprinti ngoja wiki 2 kabla ya kuituma kwa mutu, hakuna aliyekufa juu ya kuchelewa kutuma audio.

Sasa jambo ambalo linaumiza watu zaidi, munganga anabadilisha maneno. Mwanzo wa 2020 OMS walisema mutu muzima asiyeugua hana haja ya barakoa, tarehe 5 mwezi wa 6 wakageuza. Kesi ya kwanza ya Kongo, tarehe 10 mwezi wa 3, walisema ni Mubeleji, baadaye wakasema ni Mukongomani anayekaa Ufaransa. Watu wanasema: unaona, wanadanganya. Mimi nawakumbusha volkano. 2021, Nyiragongo imelipuka tarehe 22 mwezi wa 5, siku 5 baadaye wakaamuru kartiye 10 zitoke mara moja, tukatembea usiku mpaka Sake na magodoro ku kichwa, juu lava inaweza kuwa chini ya mji, chini ya ziwa hata. Haikutoka. Wengi walikasirika. Lakini pale mashine zilikuwa zinaonyesha ardhi inatetemeka chini ya Goma, ungefanya nini wewe? Angalia mutu amebadilisha neno juu ya nini. Kama anasema "tumepata kitu kipya, hiki hapa, kwa hiyo tunageuza", mubakishie imani. Kama anageuza bila kusema amepata nini, ao anasema hajawahi kusema lile la kwanza, huyo ndiyo weka alama ku kaye. Na njo maana ya tarehe ku kila mustari, bila tarehe utasema amejipinga kumbe ni miezi 3 imepita katikati.

Kaye yangu ya Kwango ukurasa wake ni mfupi. Siku ile ile ya sambaza niliandikia grupu hivi, na unaweza kuiiba ukabadilisha majina:

"Ndugu zangu. Ile Panzi siyo ya Bukavu, ni zoni ya sante ya Kwango. Kesi zinahesabiwa kwa dalili, hazijapimwa. Dalili ni homa na kukohoa, inaweza kuwa vitu vingi. Wengi ni watoto wadogo. Sampuli zimeenda, majibu yanatoka siku zijazo, nitaandika. Mpaka sasa hakuna kitu cha kubadilisha Goma wala Bukavu. Yaya, watoto waende shule. Mwenye audio ingine aseme kwanza wapi na lini."

Yaya alijibu na dole gumba. Shemeji akauliza kama zile klorokini zake bado ni nzuri.